Nilimwambia Baba Kwamba Chipu Ijayo Itamrudisha Mama

Shikamoo Bi Rukia,

Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie, maana najua utanikaripia. Mimi ni Lusungu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, fundi simu hapa Tukuyu mjini, na kilichonifikisha kwenye ukurasa wako ni neno nililomwambia baba yangu mzazi mwezi wa nne, neno lililonitoka kwa furaha tu, na sasa limekuwa zito hata sijui nilitue wapi.

Mama yetu, Tulinagwe, alifariki miaka miwili iliyopita. Baba, mzee Ambindwile, yuko nyumbani Kinyala, ana miaka sabini na minne, zamani alikuwa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Ana presha, na tangu tumzike mama aliacha kabisa kumeza dawa, ukimwuliza anajibu, "Nijitunze kwa ajili ya nani?" na vidonge unavikuta kwenye kopo vimejaa vile vile vilivyotoka zahanati. Kaka yangu Ezron, anayeishi naye, amefoka, amebembeleza, amemwita mchungaji, wapi.

Sasa mvua za mwaka huu ziliuegemeza ukuta wa jiko la mama, lile jiko la nje, na Ezron akasema libomolewe kabla halijaangukia watoto, na alikuwa sahihi, ila mimi nikaomba siku moja tu, nikaenda na simu nikapiga picha mia mbili na kumi na nne, nikizunguka hatua kwa hatua nje na ndani, mafiga, rafu za vyombo, dari jeusi kwa moshi, mpaka ule ufa wenyewe, nikamtumia binamu yangu Wilson anayechora ramani za nyumba huko Mbeya, na kompyuta yake ikaziunganisha zote zikawa jiko moja unaloweza kulizungusha kwa kidole na kuingia ndani. Kesho yake Ezron akabomoa.

Bi Rukia, hapa niruhusu nikueleze kitu ninachokipenda, la sivyo hutanielewa. Ndani ya kila simu kuna sehemu ya chipu ambayo kazi yake ni kuchora tu, sisi tunaiita chipu ya picha. Kila unachokiona kwenye kioo imekichora yenyewe kwa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na ukichezesha kidole inafuta na kuchora upya, mara sitini kwa sekunde moja, tena haichori kioo kizima kwa mkupuo, inakigawa kama vigae, inamaliza kigae hiki inahamia kile, ili isikumalizie chaji. Nimeshika simu mwaka wa tisa huu na bado nikilifikiria hilo mwili unanisisimka.

Basi siku Wilson aliponitumia lile jiko nilipanga simu nne mezani, za vizazi vinne, tatu kati ya hizo zilishaachwa na wenyewe siku nyingi. Ya kwanza, ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, ilikataa kabisa mpaka Wilson alipolipunguza jiko likabaki mifupa, ndipo ikatoa boksi la kahawia na mafiga yanayofanana na viazi. Ya pili ikaleta rangi, masizi yakaonekana, lakini hapakuwa na kivuli, kila chombo kilikuwa kama kinaelea. Ya tatu ikaleta vivuli, vya kupaka tu, na baada ya dakika tano ikapata moto mkononi, ikaanza kujikokota. Ya nne ni ya juzi juzi, niliipata ikiwa na kioo kilichopasuka nikaibadilishia, na hiyo, Bi Rukia, haipaki kivuli. Inaufuata mwanga wenyewe, unapoingilia dirishani, unapogonga, unapodunda na kurudi. Kulikuwa na sufuria ya mama ukutani, na kwenye ubavu wa ile sufuria nikauona mlango wa jiko, umejipinda, mdogo, hivyo hivyo ulivyokuwa ukijipinda tulipokuwa watoto tukijitazama mle. Hakuna mtu aliyeuchora mlango ule kwenye sufuria. Chipu iliukokotoa. Nilikaa chini, mteja akaniuliza kama naumwa.

Jumapili nikampelekea baba. Alitoka kanisani, akaketi, nikampa simu mkononi, nikamwonyesha jinsi ya kusogeza kidole. Akasogeza, akarudisha, akasogeza tena. Halafu akauliza, "Hii inakumbuka, au inachora?"

"Inachora, baba. Upya, kila unaposogeza."

"Upya?"

"Mara sitini kwa sekunde."

Alikuwa mtu wa mashine, alielewa kuliko nilivyotegemea. Akaiweka simu mezani taratibu kama kitu chenye uhai, akasema "ndaga, ndaga," asante, asante, kwetu tunasema hivyo, akaishika tena, akaingia jikoni, akageuka ndani yake, akafika kwenye mafiga. Kisha akaniuliza, "Na mama yako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kunyamaza nikaanza kueleza, maana nikianza habari za chipu mimi siachi, nikamwambia vizazi vinakwenda kasi, nikamwambia nyingine siku hizi zinachora robo tu ya picha na robo tatu zilizobaki zinazikisia zenyewe na jicho halitambui, nikamwambia nadhani mbele huko watazijenga kwa ghorofa, tabaka juu ya tabaka, na kizazi cha pili au cha tatu kutoka hiki kitaweza kumchora mtu mzima, anatembea, anageuka ukimwita, mwanga unamwangukia usoni. Akauliza, "Lini?" Nikasema, "Labda miaka mitano, baba."

Jumapili iliyofuata nikamkuta anameza dawa. Mwenyewe, na maji ya vuguvugu, bila kuambiwa. Baadaye Ezron akaniambia anakwenda zahanati kwa miguu kupimwa, na nesi anasema presha imeshuka vizuri. Nilifurahi, nikajua Mungu ametusikia, sikuunganisha mambo. Mpaka juzi, mwezi huu wa nane, nesi mwenyewe aliponiambia akicheka, "Mzee wako ana hesabu. Kila akija ananiambia nimtunze, amebakiza miaka minne na miezi minane."

Bi Rukia, mimi sikucheka. Kwa sababu najua kitu asichokijua baba. Za mama tunazo picha tatu na sauti ya sekunde kumi na moja, akimwambia mtu kwenye simu kwamba ndizi zimeiva aje achukue. Basi. Mwendo wake hatuna, kicheko chake hatuna. Chipu ya mwaka wowote ule itachora ulichoipa, na sisi hatuna cha kuipa.

Ezron amejua, amekuja juu, anasema nimemdanganya mzee na nimemfanya kichekesho, maana baba kanisani anawaambia watu, "Lusungu anamtengeneza mama yake." Ismael, tunayefanya naye kazi kibandani, anasema nisisumbuke, programu za kuchezesha picha ziko tele, nimtengenezee mama wa kutosha, macho ya mzee ni hafifu hatajua. Nilijaribu, sitakuficha. Mchana ule ule, nikaweka ile picha yake ya harusi ya Ezron, na mama akageuza shingo, akatabasamu. Akanionyesha meno yote. Mama yangu alikuwa na pengo la mbele na siku zote alitabasamu akiwa amefunga mdomo. Nilifuta hapo hapo, kama niliyeshika maiti.

Nikimwambia baba ukweli naogopa ataacha dawa, na akiacha dawa nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu, na nikinyamaza nitakuwa namtazama akihesabu miezi kuelekea kitu ambacho hakipo. Nifanyeje?

Lusungu, Tukuyu

*

Lusungu mwanangu, marahaba.

Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilimwita mjukuu wangu na simu yake, nikaisogeza kwenye mwanga nikiitazama kama ndiyo kwanza naiona. Mara sitini kwa sekunde! Mimi nimestaafu unesi baada ya miaka thelathini na miwili wodini, nilidhani nimeshaona vya kushangaza. Kwa hiyo sikulaumu kwa kushangaa. Ulichompa baba yako Jumapili ile ya kwanza ni kitu kikubwa, na mtu yeyote akikuambia ni mchezo wa simu, mwambie nimesema mimi hajui anachosema.

Sasa tuje kwenye kosa lako, na usijifiche nyuma ya furaha. Baba yako hakukuuliza habari za ghorofa za chipu. Aliuliza, "Na mama yako yuko wapi?" Hilo ni swali la mjane, mwanangu, na wewe ukalijibu kama fundi. Tena ukampa tarehe! Ulikuwa unakisia, wewe mwenyewe umeandika "nadhani", umeandika "labda", lakini mzee hakusikia labda. Alisikia mitano. Wagonjwa ndivyo wanavyosikia, nimewaona. Ukimwambia mama wa mgonjwa "labda Ijumaa", Alhamisi jioni ameshafunga mizigo.

Ezron anasema umemdanganya. Hapana, hukumdanganya siku ile. Ila tangu nesi akuambie ile hesabu, kila Jumapili unayokaa mezani na baba yako ukanyamaza, unaanza kumdanganya. Ndiyo maana huwezi kulibeba.

Na huyo Ismael mwambie kwa heshima afanye kazi yake ya kubadilisha vioo. Macho ya mzee ni hafifu, sawa, lakini aliishi na mwanamke yule miaka mingapi? Wewe ulilijua lile tabasamu kwa sekunde moja. Yeye angelijua kabla halijafunguka. Umefanya vema kufuta, na usirudie.

Sasa hofu yako ya dawa. Naielewa, nami sitakuahidi kwamba mzee hatazitupa. Lakini umewahi kumwuliza kwa nini anazimeza? Umeambiwa na nesi, akicheka, ukamalizia mwenyewe. Inawezekana ni kwa ajili ya mama yako peke yake. Inawezekana pia mtu aliyekaa miaka miwili bila kitu cha kesho amepata cha kungoja, na mwili ukapata nafuu, na nafuu yenyewe ina utamu wake. Mimi sijui. Wewe pia hujui. Unakisia tena, Lusungu!

Fanya hivi. Kwanza pita zahanati, uzungumze na yule nesi, umweleze yote, asiwe anacheka tena, na umwombe wiki mbili zinazofuata amfuatilie mzee kwa karibu. Halafu nenda Kinyala siku ya kazi, asubuhi, peke yako. Ezron asiwepo kwenye mazungumzo hayo, atayageuza baraza la kesi, na baba yako hastahili kuaibishwa mbele ya mwanawe. Usianze kwa kulia. Anza kwa kumwambia, "Baba, mwezi wa nne nilikujibu vibaya." Mweleze chipu inaweza nini, maana anaelewa mashine. Mweleze kwamba pengine siku moja itamtembeza mtu, lakini ni yule aliyehifadhiwa mwendo wake, na kwamba wa mama hamkuuhifadhi, si yeye, si wewe, hakuna aliyejua. Atakayetengenezwa atakuwa mgeni aliyevaa sura yake. Sema hivyo hivyo, bila kupaka sukari.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wanajaza kimya kwa ahadi nyingine. Akikasirika, mwache akasirike. Akitoka nje, usimfuate. Akirudi, mwulize ulichopaswa kumwuliza tangu mwanzo: alitaka kumwona mama akifanya nini? Na atakachokujibu, sikiliza, usikitafutie programu.

Usichelewe zaidi ya wiki hii. Kila mwezi anaohesabu unakuongezea wewe uzito.

Bi Rukia

*

Barua ifuatayo ilinifikia wiki tatu baadaye. Lusungu ameruhusu niichapishe, na sikubadilisha neno.

Shikamoo Bi Rukia,

Nilikwenda Jumatano. Baba alikuwa anapalilia migomba, akashangaa kuniona siku ya kazi, akadhani kuna msiba. Tukakaa hapo hapo shambani, nikasema kama ulivyoniagiza, na sauti ilinikatika mara moja tu, nilipofika kwenye zile sekunde kumi na moja.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alichukua jembe akaendelea kupalilia, mstari mzima mpaka mwisho, mimi nimekaa. Aliporudi akauliza, "Kwa hiyo atakayekuja si Tulinagwe."

"Siye, baba."

"Ni mtu wa kufanana naye."

"Ndiyo."

"Basi asije."

Akafuta uso kwa kiganja. Nikamwuliza habari ya dawa, sikuweza kungoja, nisamehe. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga. "Kichwa kilikuwa kinanigonga miaka miwili, sasa hakigongi. Nirudi nikagongwe?" Nesi amenithibitishia, hajakosa hata siku moja.

Ndipo nikamwuliza lile swali lako, alitaka kumwona mama akifanya nini. Akafikiri. Akasema hakutaka afanye chochote. Akasema lile jiko la kwenye simu lina kasoro moja, jua lake ni la asubuhi, na asubuhi mama hakuwa jikoni, alikuwa shambani akichuma chai. "Hilo jua haliwezi kusogea?"

Bi Rukia, linaweza! Programu ya Wilson ni ya wachora ramani, inakuruhusu kuchagua saa, ili mteja aone jua litaingiaje chumbani. Sikuwahi kuifikiria hata mara moja, nilikuwa nahangaika na vizazi vijavyo. Nikaweka saa kumi jioni, saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro, na chipu ikawa inachora polepole, mwanga ukatoka dirishani ukahamia mlangoni, ukawa mwekundu, ukatambaa sakafuni, ukapanda kwenye ule ukuta wa masizi, na masizi yakawaka kama yamepakwa mafuta.

"Hapo," akasema baba. "Usiguse."

Akanionyesha kwa kidole, bila kugusa kioo, mahali mama alipokuwa akiketi na ungo wa maharage, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu nje. Akanieleza alivyokuwa akimwona kutoka njiani akirudi zamu, kwanza miguu, kisha ungo, kisha yeye. Akanieleza mambo ya kabla sijazaliwa. Nilitaka kurekodi, nikaona nisikilize kwanza, nikarekodi kesho yake, na kesho kutwa. Nililala Kinyala siku nne. Ezron alikuja akakaa nasi jioni ya pili, akatazama jua likipanda ukutani, akaenda nje akarudi macho mekundu, na habari ya uongo hajaitaja tena.

Siku ya nne baba alivaa koti, akaniambia nichukue simu, twende kwa mzee Jairo, jirani yetu wa siku zote. Nikadhani anataka kumwonyesha jiko letu. Tukafika, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni kwao. Mke wa Jairo, mama Doreen, alikuwa amechutama anamenya ndizi. Baba akasimama mlangoni akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kiwandani, "Jairo, huyu bado unaye. Acha apigwe picha. Atembee, aongee, acheke, yote yawekwe."

Mama Doreen akaona haya, akajifuta mikono, akataka kwenda kubadilisha kitenge. Baba akakataa. "Usitutazame sisi, mama. Pika."

Nikaanza kuzunguka polepole, simu mkononi. Mama Doreen akainamia ndizi zake, akaanza kumsema Jairo kuhusu kuni mbichi alizoleta jana, anazungumza na anacheka, moshi unampanda usoni, anaupunga. Nikajaribu kumnyamazisha ili sauti ya jiko itoke safi.

Baba akanishika bega. "Mwache," akasema. "Na hayo ya kuni, yachukue yote."

Lusungu